Mkono Niliompa Baba wa Mjukuu Wangu

Kwetu sisi Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai benchi moja, hawali pamoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja wao ataingia shambani mwa watu kama mwizi wa mahindi. Mama mkwe tunamwita maro. Maro akimwona mume wa binti yake anageuza uso, na yule mume anageuza wake. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko ya kanisani. Naanza na jambo hili kwa sababu asiyelijua atasoma habari zangu za ofisi ya watoto na kuniona mwanamke mwenye wazimu.

Binti yangu alizalia nyumbani, Kisegi, kwenye mkeka wangu. Mimi ndiye niliyempokea mtoto. Alikuwa msichana, mweusi tii, mwenye kichwa kirefu, akalia kama anayedai kitu. Baba wa mtoto alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali kule Migori. Alikuwa na kalamu mfukoni na viatu vilivyopakwa rangi, lakini kwangu hakuleta ng'ombe, hakuleta hata kuku wa kufungwa kamba mguuni. Mtoto alipoacha kunyonya, binti yangu akarudi Migori kufanya kazi katika hoteli ya chai na chapati. Alisema anafuata kazi. Mimi nilijua anamfuata karani, maana hoteli ziko hata Sindo.

Nikabaki na mtoto. Mume wangu nilikuwa nimekwisha kumzika, na wanangu wa kiume walikuwa wameenda kutafuta maisha na hawakuandika. Nyumba yangu ilikuwa ya watu wawili, mmoja mzee na mmoja hajui kufunga vifungo. Tulilala kitanda kimoja. Nilianika omena, wale dagaa wa ziwa letu, nikauza omena, nikanuka omena. Huyo mtoto aliniita dana, yaani bibi, na neno hilo ndilo sauti pekee niliyosikia siku nyingi tangu jua kutoka mpaka kuzama.

Miaka ile shule zilianza kudai kila kitu. Serikali ilisema tugawane gharama, na mgao wangu ukawa dawati, chaki, mchango wa jengo, mpaka karatasi ya mtihani. Mtoto alirudishwa nyumbani mara ya kwanza, nikauza mbuzi. Akarudishwa tena, na mbuzi hakuwepo. Akawa anakaa ufukweni na mimi, anafukuza ndege kwenye omena huku akiimba hesabu za kuzidisha. Hilo liliniuma. Kichwa kile kinaimba hesabu kwa ndege!

Ndipo nikasikia kwamba kuna ofisi Homa Bay inayowashika wanaume walioacha watoto na kuwakata mshahara. Nikaenda kwa naibu wa chifu kutaka barua. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, tangu lini mtoto aliyezaliwa kwenu akapelekwa serikalini? Huyo ni wenu. Hakuna ng'ombe."

"Najua hakuna ng'ombe. Ndiyo nataka pesa."

"Ukila pesa ya huyo mwanamume, umemwita. Kesho atakuja kusema damu ni yake na amemlisha."

"Andika barua."

"Nitaandika. Lakini ukilia, usilie kwangu."

Hakukosea. Kwetu mtoto anafuata ng'ombe. Mwanamume asiyeleta ng'ombe hana mtoto, hata mtoto akifanana naye mpaka vidole vya miguu. Sasa mimi nilikuwa naenda kumtafuta mwanamume aliyekuwa hana mtoto na kumwambia unaye, lipa. Nilijua nashika nyoka mkiani. Lakini nilifikiri serikali ndiyo itakayoshika kichwa.

Serikali yenyewe haikunitoza kitu. Hilo nitalisema kwa haki. Ila kila kitu ilichotaka kilikuwa mbali na kile kingine. Barua ya chifu ilitaka muhuri, na mwenye muhuri alikuwa mkutanoni. Kadi ya kliniki ilikuwa imeliwa na panya pembeni, nikaambiwa nirudi hospitali. Picha ya mtoto ilitakiwa, na mpiga picha alikuwa Mbita. Ofisi ilikuwa ya bure, na bure hiyo ikala omena zangu za msimu mzima katika nauli.

Ofisa wa watoto alikuwa kijana kutoka upande wa Mlima Kenya, mpole, mwenye shati lililofuliwa mpaka kola ikachoka. Tulizungumza Kiswahili, yeye chake na mimi changu.

"Shosho, keti hapo," akaniambia, kwa neno la kwao la bibi.

"Mimi si shosho wako. Shosho wako yuko kwenu anachuma chai."

Akacheka. "Sawa, mama. Keti hapo."

Aliandika maneno yangu yote polepole. Akaniuliza mtoto anakula nini, analala wapi, nani anampeleka akiugua. Kila jibu lilikuwa mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hayo. Nilipomaliza niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimesema mimi, mimi, mimi, kama mtu anayejisifu, kumbe nilikuwa nasema tu kwamba hakuna mwingine. Akasema atamwita yule karani, nasi tukutane mbele yake, tukubaliane kama watu.

Siku ya kukutana nilimpaka mtoto mafuta akang'aa kama chungu kipya. Tuliketi kwenye benchi ndani ya ofisi. Mlango ukafunguliwa, akaingia karani na baba yake mdogo, mzee mmoja mwenye koti zito na sauti kama ya mnada. Na mimi, mwanamke niliyetoka Kisegi kwa kiburi, nimejaa maneno ya kumwambia yule kijana, nikafanya nini? Nikainuka na mtoto. Nikavuta kitambaa cha kichwa mpaka puani, nikageukia ukuta, nikapita kando kando ya ukuta mpaka nje, nikaketi barazani na mgongo wangu kwa dirisha.

Hakuna aliyenituma. Miaka yangu yote nimewaona mama zangu wakifanya hivyo. Mwanamume aliyezaa na binti yako ameingia, unatoka. Mtu akikurushia kitu usoni, unauliza kwanza jicho kama lifumbe?

Nikamsikia yule mzee akicheka ndani.

"Umeona, bwana ofisa? Umeona mwenyewe?"

"Nimeona nini? Mbona mama ametoka?"

"Amemheshimu mkwe wake! Maro hawezi kukaa chumba kimoja na mume wa binti yake. Huyu kijana wangu ni mume. Mama mwenyewe amesema kwa mwili wake. Hapa hakuna kesi, hapa kuna familia."

Karani naye akapata sauti. Akasema mtoto ni wake, hakumkataa hata siku moja. Mke wake alimwacha kwa bibi kwa muda tu. Hakuna haja ya kukatwa mshahara, atamchukua mtoto akae kwake nyumbani, ng'ambo ya mto Kuja, asome huko.

"Nani atamlea?" ofisa akauliza. "Mama yake si anafanya kazi hotelini?"

"Mke wangu mkubwa yupo," karani akajibu.

Mke mkubwa! Nilikuwa sijui kama yupo. Nikiwa pale barazani, kitambaa bado kiko puani, nilimwona mjukuu wangu katika boma la mwanamke nisiyemjua, amebeba ndoo ya maji, watoto wa mwanamke yule wamekaa. Ofisa alitoka nje na kuinama mbele yangu.

"Mama, ni kweli huyu ni mkwe wako?"

Ningesema nini, na nimegeukia ukuta mbele ya watu wote? Ofisa akasema mimi na binti yangu tukazungumze nyumbani, tarehe nyingine itapangwa. Sheria ya karatasi, alisema, inamtaka baba alipe pale mtoto anapokaa. Lakini baba akitaka kumlea mwenyewe, na familia zote mbili zikamtambua kuwa baba, yeye hawezi kumkatalia hivi hivi. Alisema kwa huzuni. Mtoto alikuwa amelala begani mwangu, akanidondoshea mate kwenye gauni.

Habari zilifika Migori kabla sijafika Kisegi. Jumamosi ya wiki ile ile binti yangu alikuja, amesuka nywele, amebeba mkate na sukari. Alikuwa hajaja tangu mvua za masika. Aliingia akicheka, akaketi kwenye kigoda, akamvuta mtoto mapajani.

"Mama, haki umefanya vizuri. Amefurahi! Ananiambia, mama yako ni mtu wa heshima, amenitambua mbele ya serikali."

"Mimi nimemtambua. Yeye amenitambua na nini?"

"Ng'ombe watakuja."

"Lini?"

"Mama, na wewe! Ng'ombe huja polepole. Mpe kwanza mtoto aende kwao. Mtoto akiwa kule, mimi nitaingia nyuma yake. Nani atamfukuza mama wa mtoto?"

"Mke wake mkubwa atakufukuza. Ulijua yupo?"

Alianza kumfungua mtoto nywele ambazo nilikuwa nimemsuka asubuhi, halafu akaanza kuzisuka upya.

"Najua," akasema. "Wanawake wangapi hapa Kisegi ni wa pili? Wewe mwenyewe mama yako alikuwa wa tatu."

"Mama yangu alikuja na ng'ombe. Alikuwa wa tatu kwa mlango, si kwa dirisha."

"Basi nikae hotelini mpaka nizeeke? Napangusa meza, wanaume wananishika mkono kama kikombe. Huyu angalau ananijua jina."

Nikamwangalia. Alikuwa bado mtoto, binti yangu, ukitoa rangi ya mdomo. Nilitamani kumwambia arudi nyumbani tukae watatu. Nikasema, "Na huyu mtoto wangu hatambebea mtu maji." Ndivyo nilivyo. Neno la moto hunitoka kabla ya neno la moyo.

"Mtoto wako?" akasema. "Mama, mtoto ni wangu."

Mtoto akauliza kama mkate ni wa kuliwa leo au kesho. Tukaula wote.

Nilikuwa na rafiki mmoja, mjane kama mimi, tuliyeanika naye omena kando kwa kando. Yeye ndiye pekee niliyemwambia lile nililokuwa nimelifikiria. Nilimwambia mchana, jua kali, tukiwa tumeinama juu ya nyavu.

"Nitaketi. Akiingia sitatoka. Nitamwangalia usoni."

Akaacha kazi. "Utamwangalia mkwe usoni?"

"Si mkwe. Ndiyo maana."

"Ukimwangalia, umemkana. Hawezi tena kumwoa binti yako, hata akileta ng'ombe mia. Nani ataoa kwenye nyumba ambayo maro amemkodolea macho?"

"Hataleta hata mmoja."

"Huenda akaleta."

"Wewe ungemngoja?"

Akasema, "Mimi ningemngoja. Mimi ni mwoga. Lakini wewe, binti yako hatakusamehe, ujue. Utabaki na mjukuu tu."

Nikamwambia mjukuu anatosha. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, wale wengine ufukweni wakageuka.

Mara ya pili Homa Bay sikuvaa kitambaa kabisa. Nilienda kichwa wazi, mvi zangu zote nje. Niliketi katikati ya benchi, miguu nimeibana chini. Karani akaingia na mzee wake, wakasimama mlangoni wakingoja nitoke. Mzee akakohoa ili nisikie. Nikasikia. Sikutoka.

Nikamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza nione uso wake vizuri, na nilishangaa: ulikuwa uso wa mjukuu wangu. Paji lile lile refu. Sikio lile lile dogo lililolala. Kama kuna kitu kingenishinda siku ile, ni hilo sikio. Karani akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake vilivyopakwa rangi.

Nikasimama, nikaenda mpaka mbele yake, nikanyoosha mkono.

"Hujambo, kijana," nikasema.

Aliruka nyuma! Aliruka kana kwamba nimemnyooshea kaa la moto, mikono akaificha nyuma ya mgongo. Mzee akapiga kelele, "Mama! Mama, unafanya nini?"

Ofisa akasimama nyuma ya meza, amechanganyikiwa. "Kwani kuna nini? Mama si anasalimia tu?"

"Bwana ofisa," nikasema, na mkono wangu bado uko hewani, "mkwe hashiki mkono wa mama mkwe. Huyu akikataa mkono wangu, ni mkwe. Vizuri. Basi aniambie ng'ombe wangu wako wapi nikawafunge, na nyumba ya binti yangu imejengwa wapi, na mlango wake unatazama wapi. Aseme mbele yako, uandike, na mzee huyu aweke kidole kwamba atawaleta. Akiushika, yeye ni mtu wa njiani aliyezaa na binti yangu. Mtoto ni wa nyumba yangu, na yeye atalipa kama karatasi yako inavyosema. Achague. Mimi nimechoka kusafiri."

Nje mtu alikuwa anapiga chapa, ta-ta-ta, kisha akaacha, sijui kama alikuwa anatusikiliza.

Mzee akamvuta karani pembeni. Walinong'ona Kijaluo kana kwamba mimi ni mtu wa Mombasa. Nikasikia yote. Mzee alisema ng'ombe wa kutoa hana. Alisema zizi halina hata dume la kulimia, na waliobaki ni wa mahari ya kaka yake. Alisema, kijana wangu, mshahara unakatwa kidogo kidogo, ng'ombe anatoka mzima.

Mkono sikuushusha. Nitasema ukweli, ndani yangu kulikuwa na sauti inayomwambia: kataa. Kataa, kijana mjinga, sema ng'ombe watakuja, mpe binti yangu mlango wake. Ningembeba mtoto mwenyewe mpaka ng'ambo ya Kuja, kama mlango ungekuwepo.

Akaja. Akanipa mkono. Ulikuwa laini, umelowa jasho, mkono wa mtu asiyeshika jembe. Aliushika wangu kidogo tu, akauachia, akaupangusa wake kwenye suruali.

"Andika," nikamwambia ofisa.

Ofisa akaandika. Kiasi kidogo cha kila mwezi, kikatwe kwenye mshahara, kipelekwe ofisini, mimi nikichukue kwa kidole gumba. Mtoto akae kwa bibi yake. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheza na kamba ya faili chini ya meza.

Binti yangu alikuja mara moja baada ya hapo. Hakuja na mkate. Alisimama uani, hakuingia.

"Umemshika mkono."

"Yeye amenishika. Angeweza kukataa."

"Ulimtega!"

"Nilimuuliza."

"Ulimtega mbele ya watu. Ananicheka sasa. Ananiambia, mama yako ameniuza kwa serikali, tumemalizana. Nimebaki naye vipi, mama? Niambie, mimi nimebaki na nini?"

"Umebaki na mtoto wako hapa, anasoma."

"Huyo ni wako. Ulisema mwenyewe."

Akaenda. Mtoto alimkimbilia mpaka kwenye kisima, kisha akarudi peke yake. Nikampa uji.

Pesa ilianza kutoka. Lakini wakati ule walikuwa wanagawa wilaya. Migori ikawa wilaya ya peke yake, na kwa kuwa mlipaji alikaa Migori, faili likahamishwa Migori. Hakuna aliyeniuliza mimi nakaa wapi. Kutoka Kisegi hadi Homa Bay ni safari. Kutoka Kisegi hadi Migori ni kazi. Nilitoka alfajiri, nikamwachia mjane mwenzangu mtoto, na mara nyingine sikurudi siku ile. Nililala kwa mama mmoja wa kanisa, kwenye sakafu. Kwenye korido tulikaa wanawake wengi, kila mmoja na bahasha yake, tukiambiwa pesa haijafika, mwenye funguo ametoka, wino wa kidole umekauka. Nilipoipata, nikatoa nauli, nikatoa chai, kilichobaki kilitosha madaftari na kipande cha sabuni. Miezi mingine hakikutosha sabuni.

Mjane mwenzangu alinikemea. "Wewe unawalisha makondakta hiyo pesa. Kaa chini uanike omena, utapata zaidi. Hii ni akili gani?"

"Serikali imeamuru."

"Serikali imeamuru alipe. Haikuamuru wewe uende."

Alisema kweli, na hesabu yake niliijua kabla yake. Lakini sikumwambia kwamba njia ya kutoka stendi kwenda ofisini Migori inapita mbele ya hoteli ya binti yangu. Kulikuwa na mshona viatu ng'ambo ya barabara mwenye kibanda cha mabati, nami nilimzoea, nikawa naketi kwenye kigoda chake kama ninayepumzika. Pale niliuona mlango wa hoteli. Binti yangu alipita na sinia, akapotea, akapita tena. Mara moja alikuwa amenenepa kidogo, nikafurahi. Mara moja alikuwa na bendeji kwenye kiganja. Sikujua ameungua na nini. Siku nzima njiani kurudi nilikuwa naungua mimi. Yeye aliniona, najua aliniona. Alikuwa anamwaga maji machafu barabarani na macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya ukuta.

Ndiyo maana nilienda kila mwezi. Nilikuwa na karatasi ya serikali inayonipa ruhusa ya kwenda Migori kumtazama mwanangu akibeba sinia. Nauli hiyo niliiona rahisi.

Na mtoto alisoma. Nilitia mguu mbele ya mguu, pesa ya karani na omena yangu, tukafika darasa la pili, la tatu, akawa wa kwanza. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya wazazi wote, mimi niliyeachia shule darasa la tatu, nikapigiwa makofi. Leo huyo mtoto anawafundisha watoto wa watu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa ofisa yeyote niliyemwona. Siku ile ya makofi nilirudi nyumbani nikitafuta mtu wa kumwambia. Nilimwambia mbuzi, maana tulikuwa tumeshanunua mwingine.

Kisha wakaanza kupunguza watu serikalini. Ofisa wa Migori, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliniita mezani kabla ya zamu yangu.

"Mama, huyu baba amepunguzwa kazi. Amepewa kiinua mgongo, amerudi kwao. Hakuna mshahara wa kukata tena."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo usije tena, mama. Unaumia bure. Tukipata kitu, tutatuma neno kwa chifu."

Nikamwambia asante. Nikauliza kama nibonyeze kidole mahali. Akasema hapana, leo hakuna cha kubonyeza.

Nilitoka, nikasimama barabarani. Mshona viatu alinivutia kigoda kama kawaida. Sikuketi. Niliangalia ule mlango wa hoteli, nikafikiri: mwezi ujao nitasema naenda Migori kufanya nini? Nikavuka barabara, nikaingia, nikachagua meza ya pembeni.

Alikuja na kitambaa, akapangusa meza kabla ya kuangalia ni nani. Alipoangalia, mkono ukaendelea kupangusa mahali pale pale.

"Chai ama uji?" akauliza.

"Chai."

Akaileta. Akaleta na chapati ambayo sikuagiza. Hakuketi, wala hakuondoka.

"Leo umetoka mapema ofisini."

"Pesa imekwisha. Amepunguzwa."

"Najua. Amerudi kwa mke wake." Alisema bila kulia wala kucheka, kama anayetaja bei ya mandazi. Akatazama mlangoni, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amekuwa mrefu kiasi gani?"

Nikasimama pale katikati ya hoteli, nikaweka kiganja kifuani, chini ya mfupa wa bega. "Hapa."

"Hapo?" Akanyoosha mkono akagusa kiuno changu, kwenye gauni. "Si alikuwa hapa?"

"Ni zamani."

Aliangalia kile kiganja changu kifuani kwa muda, kana kwamba kuna mtu amesimama chini yake. Mteja mmoja akapiga kijiko kwenye kikombe, akaita, "Dada! Kwani hapa hakuna mtu?" Akageuka, akaenda.

Nilikunywa chai polepole. Chapati niliifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mtoto. Nilimwona akipita na sinia, akipita tena, akiinama mezani kwa watu. Nilingoja arudi kwangu. Jua lilikuwa limeanza kuteremka na safari yangu ni ndefu, lakini nilikaa, nikazungusha maji ya mwisho ya chai ndani ya kikombe, mpaka msichana mwingine akaja na kukichukua.